Simu ya mkononi inapoiamuru skrini kubwa

Mpita njia ana simu mfukoni, na mbele yake imesimama skrini yenye ukubwa wa jengo zima. Je, kifaa hicho kidogo huwezaje kuiamuru skrini hiyo, na ni nani anayeamua iwapo amri yake itafuatwa?

Kwa miaka mingi mabango na skrini kubwa za mijini zilikuwa na msemaji mmoja tu. Serikali au kampuni ilisema, na umma ukatazama. Simu ya mkononi imeubadilisha uhusiano huo, na mojawapo ya mifano ya mwanzo ilionekana mjini Berlin, Ujerumani, kabla hata ya simu za kisasa za kugusa kwa kidole kuenea.

Nyumba ya Mwalimu

Katika uwanja wa Alexanderplatz kuna jengo liitwalo Haus des Lehrers, yaani Nyumba ya Mwalimu. Lilijengwa kati ya mwaka 1961 na 1964, enzi za iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Orofa zake za chini zimezungukwa na picha kubwa ya vigae vya rangi, kazi ya msanii Walter Womacka, inayoonyesha maisha katika jamii ya kisoshalisti jinsi watawala walivyotaka yaonekane.

Tarehe 4 Novemba mwaka 1989, mamia kwa maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja huo wakidai uhuru wa kusema na wa kukutana. Siku tano baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Mnamo Septemba 2001, klabu ya wataalamu wa kompyuta ya Chaos Computer Club, iliyokuwa ikiadhimisha miaka 20 tangu kuasisiwa, ililigeuza jengo hilo kuwa skrini. Wanachama wake waliweka taa 144 nyuma ya madirisha ya orofa nane za juu, taa 18 katika kila orofa. Kompyuta iliweza kuwasha na kuzima kila taa peke yake. Kila dirisha likawa nukta moja, na nukta hizo kwa pamoja zikaunda herufi na michoro iliyoonekana kutoka mbali. Mradi huo, uliopewa jina la Blinkenlights, uliendelea hadi Februari 2002.

Lililowavutia wengi ni kwamba skrini hiyo haikufungiwa umma. Mtu aliyesimama uwanjani aliweza kupiga nambari maalumu na, kwa kubonyeza vitufe vya simu yake, kucheza Pong, mchezo wa kompyuta unaofanana na tenisi ya mezani. Wengine walitayarisha ujumbe wa mapenzi na kuutuma mapema, wakapewa nambari ya siri. Usiku walipiga simu, wakaingiza nambari hiyo, na ujumbe wao ukajitokeza juu ya jengo mbele ya kila aliyekuwapo.

Jinsi amri inavyosafiri

Njia iliyotumika Berlin ilikuwa nyepesi. Kitufe cha simu kinapobonyezwa wakati wa mazungumzo hutoa mlio unaochanganya sauti mbili, na kila kitufe kina mchanganyiko wake. Kompyuta iliyo upande wa pili huutambua mchanganyiko huo na kujua ni tarakimu gani iliyobonyezwa. Ndiyo njia ileile inayomwezesha mtu anayepigia simu benki kuambiwa abonyeze moja au mbili.

Simu za kisasa zimeleta njia nyingine. Pembeni mwa skrini huwekwa alama ya QR, ule mraba wenye madoa meusi na meupe uliobuniwa nchini Japani mwaka 1994. Kamera ya simu huisoma alama hiyo na kufungua ukurasa wa intaneti. Mtumiaji anapotelezesha kidole, ukurasa huo hupeleka amri kwa kompyuta kuu, ambayo nayo huipitisha hadi kwenye skrini.

Kwa hiyo simu na skrini haziwasiliani moja kwa moja. Katikati yuko bawabu, na bawabu huyo ndiye anayeamua zamu ni ya nani, ya muda gani, na ni ujumbe upi unaofaa kuonyeshwa. Mwaka 2011 mjini Stockholm, Sweden, kampuni ya McDonald's iliweka bango la elektroniki ambalo wapita njia waliweza kulichezea Pong kwa simu zao. Kabla ya kuruhusiwa, simu ilithibitisha kwanza kwamba mwenyewe yuko karibu na bango. Aliyemudu kucheza kwa sekunde 30 alijishindia chakula.

Majumbani na kumbini

Nyumbani, au katika kumbi za harusi na mikutano, kuna njia mbili kuu, na zote hupitia mtandao usiotumia waya. Ya kwanza ni kuakisi: kila kinachoonekana kwenye simu hupelekwa kwenye televisheni. Ya pili ni kuagiza: simu huiambia televisheni tu mahali video ilipo kwenye intaneti, na televisheni huichukua yenyewe. Katika njia hii ya pili simu haichoki, na mwenyewe anaweza kuendelea na shughuli nyingine.

Tofauti hiyo si ndogo. Anayeakisi simu yake mbele ya wageni 200 huakisi pia ujumbe wowote utakaoingia wakati huo, uwe wa daktari, wa mdai au wa mwenzi wake. Ni busara kuzima arifa zote kabla ya kuanza.

Hatari nyingine ni bawabu kusinzia. Mnamo Januari 2019, wadukuzi walivifikia maelfu ya vifaa vya Chromecast, vinavyounganisha simu na televisheni, kwa sababu ruta za wenye vifaa hivyo zilikuwa zimeacha mlango wazi kwa watu wa nje. Familia zikaona kwenye televisheni zao ujumbe ambao hazikuuomba. Safari hiyo ulikuwa onyo lililochanganywa na mzaha, lakini ungeweza kuwa kitu kibaya zaidi. Kinga yake ni kuufunga mlango huo kwenye ruta.

Nani ashike ufunguo

Wabunifu wa Blinkenlights waliendelea na kazi hiyo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris mwaka 2002, kwa madirisha 520, na katika ukumbi wa jiji la Toronto, Kanada, mwaka 2008, kwa madirisha 960. Tangu wakati huo skrini zimezidi kuwa nyingi na simu zimekuwa na uwezo mkubwa zaidi. Bawabu, hata hivyo, angali mwajiriwa wa mwenye skrini. Akimfungulia kila mtu bila masharti, matusi na uongo huingia. Akizidisha ukali, skrini hurudi kuwa ya msemaji mmoja.

Picha ya Womacka ingalipo Alexanderplatz, na haipokei simu ya mtu yeyote. Madirisha yaliyo juu yake yaliwahi kuzipokea, kwa miezi michache, kutoka kwa yeyote aliyekuwa na nambari.