Sekenke: Dhahabu iliondoka, mashimo yakabaki

MSAFIRI wa Reli ya Kati anayetoka Dar es Salaam hupita Igalula muda mfupi kabla ya kuingia Tabora. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya pembe za ndovu. Mwaka 1916 karakana yake mjini humo iligeuzwa kiwanda cha sarafu za dhahabu.

Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, wilayani Iramba, ng'ambo ya mbuga ya Wembere, ambako Wajerumani walikuwa na mgodi tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Uingereza zilipoziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika koloni. Tabora ikatengeneza sarafu 16,198 za rupia 15, zenye picha ya tembo. Robo tatu ya uzito wa kila moja ilikuwa dhahabu halisi, sawa na takriban kilo 87 kwa jumla. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji huo.

Sarafu hizo leo hugombaniwa katika minada ya ng'ambo. Huko zilikotoka, uchimbaji uliendelea chini ya Waingereza hadi miaka ya 1950, ndipo kambi ikaachwa.

Hata hivyo, mgodi ulioachwa haufi. Kampuni za zamani zilifuata mikanda yenye dhahabu nyingi na kuacha mawe yasiyolipa. Bei inapopanda, mawe yale yale huwa mali, na wachimbaji wadogo hurudi katika mashimo ya kale, kama ilivyokuwa Sekenke.

Hatari ya kwanza ni matimba, yaani miti inayozuia kuta zisiporomoke, ambayo huoza kwa miaka. Ya pili ni maji: njia za chini zilizoachwa hujaa, na anayechimba jirani bila ramani anaweza kuzitoboa na kufurikiwa ghafla. Ya tatu ni hewa, kwani shimo lililofungika huweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kumwonya anayeshuka.

Juu ya ardhi ipo zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu. Inapochomwa, mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na mabaki yake huingia katika udongo na mito.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inawataka wamiliki wa migodi mikubwa kuweka dhamana ya kurejesha mazingira kabla hawajaondoka. Wenye kambi za kikoloni hawakuweka dhamana ya namna hiyo. Kwa hiyo gharama ya kufukia mashimo na kuchora ramani za njia za chini imebaki kwa umma, na pasipofanyika hivyo, hulipwa na anayeshuka shimoni asubuhi akitafuta riziki.