Gunia la mchele katika ugomvi wa wakubwa

Wachambuzi wa usalama wa kimataifa wakiitazama ramani ya kusini mwa Afrika siku hizi huona reli mbili zikivutana. Mashariki kuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo Septemba 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ilitia saini kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Magharibi kuna reli ya Lobito, Angola, iliyomfanya Joe Biden afunge safari hadi huko Desemba 2024. Kinachogombewa ni shaba na kobalti za Kongo na Zambia. (Reli hiyo ya Angola ilijengwa upya na Wachina kabla Wamarekani hawajaitamani, jambo ambalo Washington hawapendi kukumbushwa.)

Mwanahistoria wa Marekani, Jamie Monson, aliitazama TAZARA kutoka steshenini. Kwa kitabu chake cha mwaka 2009 alizungumza na wazee wa bonde la Kilombero, tena akapekua risiti za vifurushi. Risiti ya kifurushi ni kijikaratasi tu: nini kimepakiwa, wapi, kinashushwa wapi. Ukizisoma kwa wingi, unakutana na reli nyingine kabisa. Mchele, mahindi na ndizi vinapanda treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo, na mwenye mzigo yumo humohumo ndani ya behewa, ameukalia.

Hayo hayakuwa shabaha ya walioipanga TAZARA. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupitishia shaba isiyopita Rhodesia. Benki ya Dunia ilikwisha kusema reli hiyo hailipi. China, yenyewe maskini wakati huo, ikakubali mwaka 1967 na kutoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Marekani nayo haikukaa kimya, ikatoa fedha za barabara ya lami kuelekea hukohuko Zambia. Kilomita 1,860 za reli zikakabidhiwa mwaka 1976, na baadhi ya Wachina waliokufa kazini wamezikwa Gongo la Mboto.

Kisha wakubwa wakapata mambo mengine ya kushindania. Reli ilisanifiwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, haijawahi kuzifikia. Pale Mlimba kwenda Makambako, ambako njia inapanda milima kwa mahandaki na madaraja, vichwa vya treni vya awali kutoka China vilizidiwa na mzigo, ikabidi vije vingine vilivyoundwa Ujerumani Magharibi kwa usanifu wa Kimarekani. Mwaka 1978 Zambia, ikikosa mbolea, ilirudi kupitisha mizigo kusini. Vipuri vikaadimika, mabehewa yakapungua, ratiba ikawa mambo ya kubahatisha. Kufungua reli kuna bendera na marais. Kununua vipuri hakuna anayekugombania.

Nadhani hapa ndipo uchambuzi mwingi wa ushindani wa mataifa unapopwaya. Unahesabu nani kapata mkataba, basi. Mkulima wa Mngeta, bondeni Kilombero, hakuwa upande wa Beijing wala wa Washington, lakini kwa miaka mingi ndiye aliyeipa reli hii kazi ya kila siku, hata shaba ilipohamia kwingine. Na ndiye wa kwanza kuumia treni ya kawaida inapofutwa, kwa kuwa mwekezaji anayesaka shaba hapati faida yoyote kusimama Mngeta.

Miaka 30 ni mingi. Wabunge wa Dodoma na Lusaka wauombe mkataba huo wa CCECC wausome, na waanze na kurasa za treni ya abiria: itasimama vituo vipi, mara ngapi kwa wiki, na mwendeshaji atatozwa nini isipofika.