Diski iliyohama chumba

Hapa Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, umeme ni mgeni asiyebisha hodi. Hutoka apendapo na hurejea apendapo. Jioni moja ya masika ulitoka mvua ikimiminika, ukarejea baada ya saa mbili, nami nikaiwasha kompyuta yangu ili nimalizie kutunga karatasi ya mtihani wa Fasihi. Lahaula! Ile diski ya mtandao, ambayo kwa muda wa miaka saba imekuwa ghala la nyumba yangu, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na alama nyekundu ya mkato.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukiona chombo hiki, nieleze kwa ufupi. Ni kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa mkate, chenye diski ndani yake. Hakichomekwi kwenye kompyuta yoyote. Huunganishwa kwa waya na ruta, yaani kile chombo kigawacho intaneti nyumbani, na kila kompyuta iliyomo nyumbani huweza kuweka faili humo na kuzichukua. Changu nilikinunua kikiwa kimekwisha kutumika, tena kwa bei ya kirafiki. Humo mlikuwa na mitihani na mazoezi ya miaka kumi na minne. Mlikuwa na rasimu za tasnifu ya binti yangu aliye katika mwaka wake wa mwisho chuoni. Na mlikuwa na kile kilichoninyima usingizi usiku ule, sauti ya marehemu mama yangu, pamoja na wazee watatu wa rika lake, wakisimulia hadithi na kutegeana vitendawili kwa Kimeru. Wawili kati ya wazee hao nao wamekwisha kututoka.

Nchiru ndipo lilipo jumba la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Sheria na kumbukumbu za jamii nzima zilihifadhiwa vichwani mwa wazee wa aina hiyo vizazi na vizazi, nazo hazikuhitaji waya wala ruta. Mimi nilijiona mjanja kuliko wao, nikayatia yote katika kisanduku kimoja, bila nakala ya pili mahali popote. Hilo ni kosa langu, wala simsingizii mtu.

Asubuhi yake nilikibeba kisanduku katika mkoba wa shule hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi hakuuliza swali hata moja. Alikifungua, akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake iliyotumia Windows. Pakajitokeza ujumbe uliosema kwamba diski ile haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe kwanza.

"Mwalimu, hii imekufa," akasema, na kidole tayari kipo juu ya kitufe. "Tuifomati uanze upya."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vimeshakwenda."

Nilimwuliza amejuaje. Hakunijibu. Basi nikaichukua diski yangu, nikamlipa gharama ya kuitazama, nikaondoka. Nisijisifu hapa. Sikuwa na ujuzi wowote kumshinda. Nilichokuwa nacho ni ukaidi wa mwalimu aliyepewa jibu pasipo kuonyeshwa hesabu yake.

Baadaye ndipo nilipoelewa jinsi nilivyokaribia shimo. Vingi vya visanduku hivi huendeshwa na mfumo wa Linux, na diski zake hupangwa kwa mtindo wa Linux, kama ule uitwao ext4. Windows haisomi mtindo huo. Ni sawa na mtu asiyejua herufi za Kiarabu kupewa kitabu cha Kiarabu, naye akakirudisha akisema kuwa kurasa zimechafuka kwa wino, afadhali zifutwe ziandikwe upya. Kompyuta ya fundi haikuona kwamba diski ni tupu. Iliona tu kwamba haielewi, na kutoelewa kwake ikakutangaza kuwa ni ugonjwa wa diski. Lau angekibonyeza kile kitufe, sauti ya mama yangu ingekuwa imenitoka mara ya pili.

Binti yangu alikuja nyumbani Ijumaa. Aliirudisha diski ndani ya kisanduku, akaketi sakafuni karibu na ruta, akaniuliza, "Baba, swali la kwanza: kipo hai au hakipo?"

Tukatazama taa. Ile ya umeme iliwaka. Ile ya mtandao, pale waya unapoingia, ilikuwa ikipepesa. Basi kisanduku ki hai na kinazungumza na ruta. Swali la pili: ruta inakijua kwa anwani gani? Hapa alifungua ukurasa wa ruta yenyewe, mahali ambapo mimi sikuwahi kukanyaga, akanionyesha orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa. Kisanduku chetu kilikuwemo, kimetulia, kwenye anwani ya 192.168.1.34. Kompyuta yangu, kwa miaka yote hiyo, ilikuwa imeagizwa kukitafuta kwenye 192.168.1.20. Na huko 20 alikuwa nani? Televisheni ya sebuleni! Usiku kucha kompyuta yangu ilikuwa ikibisha mlango wa televisheni ikidai mitihani ya Fasihi.

Ruta hugawa anwani kama mwenye nyumba ya wageni agawavyo vyumba. Huzitoa kwa muda, na kwa kawaida humrudishia mpangaji chumba chake cha awali. Lakini umeme ukikatika, ruta nyingine husahau daftari lao, na vyombo vikiamka pamoja, kinachowahi ndicho kinachopewa. Dawa yake ni kuiagiza ruta ikihifadhie kisanduku anwani moja isiyopewa kingine, kazi isiyochukua dakika tano. Tazama basi kejeli iliyopo: dawa ambayo sisi sote huikimbilia, ile ya "zima uwashe," ndiyo iliyoleta maradhi haya.

Kompyuta yangu ikapona. Kipakatalishi cha binti yangu hakikupona. Hicho, tangu kiliponunuliwa, hakijawahi kukionyesha kisanduku katika orodha ya mtandao, naye alikuwa amezoea kubebea faili zake katika flashi kutoka kwenye kompyuta yangu. Hata tulipoandika anwani sahihi kwa mkono, kilikataa.

Kisa cha kukataa huko ni kirefu, nami nitakifupisha. Kompyuta za Windows huomba faili kutoka kwa chombo kingine kwa itifaki iitwayo SMB. Toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980, na lilikuwa na udhaifu mwingi. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipitia udhaifu mmoja wa toleo hilo, vikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuwa wamekitia. Vuli ya mwaka huo huo toleo jipya la Windows 10 likaanza kusakinishwa bila itifaki hiyo ya kale. Pamoja nayo ikaondoka ile huduma iliyokuwa ikiorodhesha vyombo vya zamani katika dirisha la mtandao. Ndiyo maana kisanduku cha zamani na kompyuta mpya huweza kulala chumba kimoja bila kuamkiana.

Ipo njia ya mkato, nayo ni kuirejesha itifaki ya kale kwenye kompyuta. Mafundi wengi huipendekeza. Binti yangu aliikataa, nami naungana naye, kwani huko ni kuufungua tena mlango ulioingiwa na mwizi eti kwa sababu ufunguo wa kufuli jipya haujulikani ulipo. Badala yake tuliingia katika ukurasa wa kisanduku chenyewe, tukaisasisha programu yake ya ndani, tukakiagiza kitumie toleo la pili la SMB. Kisha tukakiundia jina la mtumiaji na neno la siri, kwa kuwa matoleo mapya ya Windows mara nyingi hukataa kuingia mahali kama mgeni asiye na jina. Kikafunguka. Niliiteua faili moja, na mama akaanza kutega kitendawili. Binti yangu alitoka nje kidogo.

Sasa nigeukie walimu wenzangu, maana kisa hiki si cha nyumbani kwangu pekee. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, shule hazikupata vishikwambi tu. Zilipata pia kompyuta za walimu, projekta, na chombo kilichounganisha sava ya masomo na ruta. Chombo hicho ni ndugu wa damu wa kisanduku changu. Masomo yamo ndani yake, na vishikwambi huyafuata kwa mtandao. Yakikoma kuonekana asubuhi moja, mwalimu atafanya nini? Atazima awashe. Kisha atakifungia kabatini amngoje fundi.

Lawama simtupii mwalimu huyo, kwa sababu mimi ndiye yeye. Tulifundishwa, nasi tunafundisha, majina ya sehemu za kompyuta. Sisi wa Kiswahili tumebishana miaka mingi iwapo iitwe tarakilishi au ngamizi. Ni nadra kumwuliza mwanafunzi swali la binti yangu: kipo hai au hakipo? Na kama ki hai, kinajulikana kwa anwani gani, na anayekitafuta anazungumza lugha yake? Maswali hayo hayahitaji maabara. Ruta moja na simu mbili zinatosha. Ziwekwe katika waifai moja, kisha moja ihamishiwe ile ya wageni, na wanafunzi waeleze kwa nini chombo kilichoonekana sasa hakionekani. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulijibu swali hilo kabla ya kengele. Mtihani wangu ujao utakuwa na swali la namna hiyo, ingawa ni mtihani wa Kiswahili, nitaliita ufahamu.

Ama kisanduku changu, kipo mahali pake, na karibu nacho nimeweka betri ya kukishikilia umeme unapoondoka. Jumamosi nilinunua diski nyingine, nikanakili kila kitu, nikampelekea dada yangu aishiye Maua anitunzie. Aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza ni nini humo ndani. Nikamwambia ni mama. Akaifunga kwa leso, akaiweka sandukuni pamoja na hati ya shamba.