Istilahi za Kuosha Kuta za Nyumba

Miongoni mwa maandishi yaletwayo kwetu ili yasahihishwe kabla ya kupigwa chapa, yamo ambayo kwa kuyatazama juujuu hayaelekei kumshughulisha mtu wa istilahi. Mojawapo ni kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kuoshea kuta kwa maji, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye bila shaka alifanya kazi yake kwa bidii. Ndani yake tulisoma sentensi hii: "Kwa kuosha laini, tumia mashine ya shinikizo la juu." Kila neno lina mahali pake katika kamusi, lakini sentensi nzima haina maana, au tuseme ina maana moja tu, nayo si ile aliyoikusudia mwandishi wa asili, yaani kwamba shinikizo likiwa la juu ukuta utakuwa laini. Aliyetuletea kijitabu hicho alitueleza kwamba nakala za mwanzo zilikwisha kugawiwa mafundi, na kwamba katika nyumba moja kongwe ya mwambao lipu ya chokaa ilikuwa imechunwa hadi kwenye mawe, upana wa mlango mzima, kabla mwenye nyumba hajatoka kuizima mashine.

Kosa hilo lina chimbuko la kueleweka. Kazi yenyewe, katika lugha ilikotoka, imepewa jina lenye maana ya "kuosha laini", na chombo kinachotumika kimepewa jina lenye maana ya "mwoshaji wa shinikizo". Jina la kazi na jina la chombo yanapingana. Mfasiri asiyejua kazi hiyo inavyofanywa hana budi kukwama. Kwa hiyo yafaa tuanze na kazi yenyewe, ndipo tuyafikie maneno.

Ukuta wa nje wa nyumba ukikaa katika unyevu hupatwa na madoa ya kijani na meusi. Madoa hayo ni viumbe hai: kuvu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, na bakteria. Njia moja ya kuyaondoa ni kuyapiga kwa maji ya nguvu mpaka yabanduke. Njia ya pili ni kupaka dawa inayoviua viumbe hivyo, kuiacha ikae kwa dakika chache, kwa kawaida kati ya 5 na 15, bila kuiruhusu ikauke, kisha kuiondoa kwa maji yasiyo na nguvu. Hiyo ya pili ndiyo iitwayo "kuosha laini". Kinachosafisha ndani yake ni dawa. Kazi ya maji ni kuichukua dawa na uchafu uliokufa. Njia ya kwanza hubandua kilicho juu na mara nyingi huacha mizizi, hivyo madoa hurudi upesi.

Sasa, mashine ile ile yaweza kufanya kazi zote mbili, na hapa ndipo penye fumbo. Pampu yake husukuma takriban kiasi kile kile cha maji kila dakika. Shinikizo hutokea kwa kuwa maji hayo yanalazimishwa kupita katika tundu jembamba. Kila aliyepata kumwagilia bustani akaziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole analijua jambo hilo. Tundu likipanuliwa, shinikizo huanguka, na katika mashine nyingi dawa hunyonywa kutoka ndooni pale tu shinikizo linapokuwa limeanguka. Basi sentensi ya kijitabu kile ilipaswa kusema: "Unapoosha kwa dawa, funga mdomo mpana ili shinikizo la mashine lipungue." Tofauti yake na ile iliyochapwa ni sawa na tofauti ya usiku na mchana.

Tuje kwenye vitenzi. Kiswahili hakina umaskini hapa. Kina utajiri ambao wafasiri wetu hawautumii. Nguo hufuliwa. Vyombo huoshwa. Mikono na uso hunawishwa. Kilichotiwa sabuni husuuzwa. Sakafu husuguliwa au hupigwa deki, na meza hupanguswa. Kila kitenzi kinabeba namna ya tendo pamoja na kitu kinachotendwa, wala haiwezekani kuvibadilishana ovyo: mtu akisema amefua sahani, watu watacheka. Na kiko kitenzi kimoja ambacho wanawake wa kila nyumba wanakijua, nacho ndicho hasa kiini cha njia ya pili tuliyoieleza: *kuloweka*. Nguo yenye doa kaidi hailowekwi kwa nguvu. Hulowekwa ili muda na sabuni vifanye kazi, kisha husuuzwa. Kuosha ukuta kwa dawa ni kuuloweka na kuusuuza. Tumeona katika maelekezo fulani kipindi hicho cha kungoja kimeitwa "muda wa makazi ya kemikali". Hatuoni sababu ya dawa kupewa makazi ilhali Kiswahili kinasema tu *muda wa kuloweka*.

Neno *laini* haliwezi kusimama hapa. Katika Kiswahili laini ni sifa ya kitu: kitambaa laini, ngozi laini, sauti laini. Likifuata kitenzi, msomaji hulichukua kama matokeo, yaani saga laini, piga msasa laini. Hivyo "osha laini" husomeka "osha mpaka pawe laini", na fundi aliyelisoma hivyo hakukosea hata kidogo kisarufi. Wako waliopendekeza "kuosha polepole". Hilo nalo lina kasoro, kwani polepole huhusu mwendo, na mtu aweza kuubandua ukuta polepole vilevile. "Kuosha taratibu" lina nafuu, lakini bado halisemi ni kitu gani kinachosafisha. Pendekezo letu ni kuziita kazi hizo kwa kile kinachofanya usafi: *uoshaji wa dawa* kwa njia ya pili, na *uoshaji wa shinikizo* kwa ile ya kwanza. Chombo kiitwe *pampu ya kuoshea*, bila kutajwa shinikizo katika jina lake, maana shinikizo ni hali ya matumizi inayobadilika.

Tumelitumia neno *shinikizo* mara nyingi, na baadhi ya walimu watauliza kwa nini hatukutumia *kanieneo*. Swali hilo ni la haki. Kanieneo ni istilahi ya fizikia iliyoundwa kwa uangalifu: kani iliyotawanywa katika eneo, na jina lenyewe ndilo fasili. Katika kitabu cha shule ndilo linalofaa, kwa kuwa mwanafunzi hana budi kutofautisha kani na kanieneo. Lakini katika maelekezo ya fundi, neno linalohitaji kufundishwa kwanza ni mzigo. Shinikizo limetokana na kitenzi kilicho hai, kushinikiza, na hospitali zimekwisha kulizoesha masikio ya watu katika *shinikizo la damu*. *Presha* ni neno la mtaani, nalo limekwisha kuwa jina la ugonjwa. Mtu akiambiwa "punguza presha" huenda akafikiria chumvi. Kwa matairi watu wanasema *upepo*, na kwa maji ya bomba wanasema *nguvu*: maji yana nguvu leo, maji hayana nguvu. Twaona hakuna ubaya kitabu cha fizikia kuandika kanieneo na kijitabu cha mashine kuandika shinikizo, mradi mfasiri asichanganye yote mawili katika ukurasa mmoja.

Vipimo navyo vina mitego yake. Mashine nyingi za nyumbani hutoa shinikizo la kama bar 100 hadi 150, ilhali maji ya bomba mjini kwa kawaida huwa kama bar 2 hadi 4, na uoshaji wa dawa haupaswi kuzidi bar 35. Mara nyingi hauhitaji hata bar 7. Bar 1 ni paskali 100,000, au takriban ratili 14.5 kwa kila inchi ya mraba, kipimo ambacho vijitabu vya Marekani hukipenda. Tunashauri alama ya bar iachwe katika maandishi yake ya kimataifa, isifanywe "baa". Lugha yetu tayari ina baa la njaa, na ina baa ya kunywea. Fundi hahitaji la tatu.

Penye hatari kubwa zaidi ni kwenye dawa. Dawa itumikayo sana ni hipokloriti ya sodiamu, ambayo majumbani huitwa *jiki*, neno ambalo asili yake ni jina la biashara lakini limekwisha kuwa nomino ya watu wote. Tunalikubali katika maandishi ya umma, pamoja na jina la kikemia, kwa sababu onyo lisiloeleweka si onyo. Dawa ya nyumbani huwa na asilimia 3 hadi 6 hivi ya hipokloriti, na ya kazi kubwa hufika 10 hadi 12. Inayofika ukutani huwa asilimia 1 au pungufu. Hapa viunganishi vidogo vinaweza kudhuru. "Sehemu moja ya dawa *kwa* sehemu kumi za maji" ni sehemu kumi na moja zote pamoja. "Sehemu moja *katika* kumi" ni moja ya dawa na tisa za maji. Mfasiri aandike daima lita ngapi za dawa na lita ngapi za maji, akomeshe shaka.

Dawa hiyo ikichanganywa na asidi, kama iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu na yaweza kuua. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Tumepata kuona onyo hilo likifasiriwa "haishauriwi kuchanganya". Kwa Kiswahili, lisiloshauriwa ni jambo la hiari. Iandikwe: *Usichanganye kamwe.* Aidha, vijitabu vya mashine hupanga maonyo kwa madaraja matatu, na wafasiri wengi huyaita yote "onyo". Tunapendekeza *Hatari* pale ambapo kifo au jeraha kubwa litatokea, *Onyo* pale linapoweza kutokea, na *Tahadhari* pale penye jeraha dogo. Maji yatokayo kwa shinikizo la juu yaweza kupenya ngozi ya mkono na kuacha tundu dogo lisiloogofya, ilhali ndani nyama imeharibika. Mtu huyo hupelekwa hospitali saa ile ile. Hilo si la kuwekwa chini ya Tahadhari.

Majina ya madoa yenyewe hayahitaji kuundwa. *Kuvu* ndilo neno la biolojia. *Ukungu* na *koga* ni yale yaonekanayo kwenye mkate au ukuta, na *kawa* ni vile vidoadoa vya unyevu vinavyoshika nguo na kuta. Anayeandikia umma asiogope koga na kawa.

Neno moja kuhusu kuta za kale, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu, mwaka 2001. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Shinikizo huzichuna, na hata dawa si salama kabisa, kwani hipokloriti huacha chumvi inayobaki ndani ya mawe yenye vinyweleo. Wenyeji walikuwa na njia yao, *kupaka chokaa*, ambayo licha ya kung'arisha huzuia kuvu kwa ukali wa chokaa yenyewe. Kijitabu kinachofasiriwa kwa ajili ya mwambao kingepaswa kuwa na sentensi juu ya jambo hilo, hata kama asili yake haina.

Limebaki neno la kile kidude cha mwisho wa bomba, chenye tundu linaloamua yote tuliyoyaeleza. Humu tumeandika *mdomo*. Mafundi wa magari wana *nozeli*, lakini kwao ni kile kinachopuliza dizeli ndani ya injini. Wako wanaopendelea *pua*. Rangi zake katika mashine nyingi ni nyekundu kwa maji ya mshale, njano kwa nyuzi 15, kijani kwa nyuzi 25, nyeupe kwa nyuzi 40, na nyeusi kwa dawa. Tungefurahi kuletewa na wasomaji neno wanalolisikia kwa mafundi wa mahali pao, pamoja na jina la mahali hapo, kabla orodha haijapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.