Kwa Nini Injili Huchukiwa (3): Shitaka Lisemwalo na Shitaka Lililofichwa

Katika sehemu iliyopita tuliona kwamba Yesu hakuwaficha wanafunzi wake habari za mateso. Leo tuulize: upinzani huo huzaliwa wapi? Ukiwasikiliza washitaki, watakuambia ni uchochezi au dharau kwa mila. Ukichimba, mara nyingi utakuta mzizi wake ni mfuko au kiti cha enzi.

Tuanzie Filipi, katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo alimtoa pepo wa uaguzi kijakazi mmoja, na mabwana zake wakaona chumo lao limekwisha. Waliwaburuta Paulo na Sila hadi sokoni, lakini mbele ya mahakimu hawakutaja fedha hata kidogo. Walidai kwamba Wayahudi hawa wanauvuruga mji na kufundisha desturi zisizo halali kwa Warumi. Mitume wakachapwa na kutiwa gerezani.

Efeso, sura ya 19, mambo ni wazi zaidi. Paulo alifundisha humo miaka 2 katika ukumbi wa Tirano. Waliofanya uganga wakachoma vitabu vyao hadharani, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Ndipo Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, alipowakusanya mafundi wenzake. Hoja yake ya kwanza kwao ilikuwa utajiri wao utokanao na kazi hiyo. Heshima ya mungu wao wa kike ikafuata. Kelele zilipofika mjini, habari ya biashara haikusikika tena. Umati ulimtukuza Artemi kwa muda wa kama saa 2, na Luka anasema wengi hawakujua wamekusanyikia nini. Karani wa mji mwenyewe alikiri kwamba watu hao hawakuiba hekaluni wala kumtukana mungu huyo.

Jirani zetu wa Uganda walilishuhudia jambo hilo hilo. Mnamo Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, askari walivamia usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Rais kulalamikia uvamizi huo na mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari Luwum alituhumiwa hadharani kula njama dhidi ya serikali, akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Shitaka lililosemwa lilikuwa njama; naamini kosa lililomuudhi mtawala lilikuwa barua ile, kwa kuwa ilimkumbusha kwamba roho ya raia ni mali ya Mungu, na kwamba hata Rais ana wa kumhukumu.

Hata hivyo, si kila kipigo ni msalaba. Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatofautisha ateswaye kwa ajili ya Kristo na ateswaye kwa wizi au kwa kujiingiza katika mambo ya wengine. Mhubiri anayetukana dini ya jirani, au anayetafuna sadaka, asijifananishe na Luwum.

Kwa hiyo, msomaji, ukipingwa kwa sababu ya imani, jichunguze kwanza. Ikiwa ni ulimi wako uliokosea, omba radhi. Ikiwa ni kweli ya Mungu iliyogusa masilahi ya mtu, endelea kuifundisha kwa upole, bila kuipunguza.

Itaendelea wiki ijayo.