Unga wa Uyoga, Muarobaini na Dawa za Hospitali: Usalama wa Kuvichanganya

Kahawa ya uyoga, vidonge vya reishi na mikebe ya unga wa uyoga wa aina nne au tano uliochanganywa huuzwa nchini, mara nyingi mkono kwa mkono na mawakala wanaopita nyumba kwa nyumba. Huko Pwani, bidhaa hizi hukuta nyumba ambazo tayari zina sufuria ya muarobaini jikoni na pakiti ya dawa za presha au sukari kabatini. Vikitumiwa pamoja bila daktari kujua, madhara huweza kutokea.

Reishi, ambao Wachina huuita lingzhi, ni uyoga mgumu kama ubao na mchungu sana. Hauliwi kama mboga, huchemshwa au kusagwa. Unaweza kupunguza kasi ya damu kuganda. Kwa mtu mzima mwenye afya huenda asione lolote. Lakini mgonjwa wa moyo anayetumia warfarini, au anayemeza aspirini kila siku, huwa tayari damu yake imepunguzwa uwezo wa kuganda. Akiongeza reishi, kazi ile ile inafanywa mara mbili, na jeraha dogo au kidonda cha tumbo kinaweza kutoa damu isiyokatika. Ndiyo maana wanaotarajia kufanyiwa upasuaji hushauriwa kuacha reishi angalau wiki mbili kabla.

Kwa sukari ni hivyo hivyo. Muarobaini unaweza kushusha sukari mwilini, na reishi pia huenda ikafanya hivyo. Mgonjwa anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi, kisha akanywa vyote viwili asubuhi kabla ya kula, anaweza kutokwa na jasho, kutetemeka, kuzungumza ovyo na hata kuzirai. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya. Aliyezirai asinyweshwe kitu.

Neno "asili" limewapumbaza wengi. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliripoti mgonjwa aliyeumia ini baada ya kutumia lingzhi ya unga. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti mama wa miaka 72, mgonjwa wa saratani ya ini, aliyekula unga wa uyoga wa chaga vijiko vinne hadi vitano vya chai kila siku kwa miezi sita. Figo zake zilifeli, kwa sababu chaga ina oksalati nyingi. Visa kama hivi ni vichache, lakini vinaonyesha kwamba kiasi na muda wa matumizi vina uzito. Mkebe wa mchanganyiko huwa mgumu zaidi kuchunguza: mtu akipata tatizo, haijulikani ni uyoga upi uliosababisha.

Wajawazito, mama wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa ini au figo, na wanaotumia dawa za kupunguza kinga ya mwili wasianze bidhaa hizi bila ushauri wa daktari. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, au za kifua kikuu, nao waulize kwanza, kwani dawa hizo huhitaji ini lenye afya.

Hakuna anayelazimishwa kuacha tiba za asili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitambua. Kinachoombwa ni mgonjwa aende na mkebe wenyewe kliniki, si maelezo tu, ili mhudumu asome yaliyoandikwa. Muarobaini nao utajwe, hata kama hakuna aliyeuliza. Dawa za hospitali zisiachwe wala kupunguzwa kwa sababu ya unga wowote.

Mtumiaji akiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya mkandaa, kinyesi cheusi au damu ya fizi isiyokoma, asimamishe unga huo na afike siku hiyo hiyo zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Malindi au ya Rufaa ya Kilifi, akiwa na mkebe mkononi.