Wahadzabe na Pori Linalopungua

Magharibi ya jiji la Arusha, mbele ya Karatu, liko Ziwa Eyasi lenye maji ya magadi. Katika mapori ya kandokando yake huishi Wahadzabe, kabila la watu wapatao 1,000 hivi. Lugha yao ina sauti za vidoko, wala haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Chakula chao cha asili ni mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali, na nyama ya wanyama wawindwao kwa upinde na mishale. Baadhi yao wangali wakiishi hasa kwa njia hiyo. Maisha haya hayahitaji jembe wala zizi, lakini yahitaji eneo kubwa, kwa kuwa kambi huhama chakula au maji yapunguapo.

Je, hatari yatoka wapi? Mti ukatwapo ili kupanua shamba, matunda hupotea na nyuki hukosa tundu la kuwekea asali. Wakati wa kiangazi wanyama wa porini hutegemea maji ya mahali pachache. Makundi ya ng'ombe yafikapo hapo, wanyama hao huondoka, na mwindaji hurudi mikono mitupu. Hivyo pori laweza kuonekana lingalipo, kumbe chakula kimekwisha toweka. Hata hivyo, wageni hao nao hutafuta riziki: wafugaji wa Kidatoga walipoteza malisho mengi huko Hanang mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa katika miaka ya 1970.

Tangu miaka ya 1960 Serikali ilijaribu mara kadhaa kuwahamishia Wahadzabe vijijini, lakini wengi walirudi porini. Mwaka 2011 ilifuatwa njia nyingine: Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki kwa pamoja ardhi izidiyo hekta 20,000. Kwa kuwa miti isiyokatwa huhifadhi kaboni, mradi wa biashara ya hewa ya ukaa huwaletea fedha za kuwalipa walinzi wa pori na kugharamia matibabu na masomo.

Lakini hati peke yake haitoshi. Nchini Brazil, ardhi ya Wayanomami ilitambuliwa rasmi mwaka 1992. Hata hivyo wachimbaji haramu wa dhahabu waliendelea kuingia na kuchafua mito kwa zebaki, hata Januari 2023 serikali ikatangaza hali ya dharura ya afya. Huko Yaeda nako, hati itamfaa mwindaji iwapo mipaka italindwa, na wanyama watazidi kupata njia ya kuyafikia maji.